Babu Mwitaliano hakumwoa bibi: je, mjukuu bado anaweza kudai uraia?

Mjukuu wa Feltre
Hamjambo wenzangu. Naomba kusikia kutoka kwa mtu aliyepitia njia hii mwenyewe.

Babu mzaa baba alizaliwa Feltre, mkoa wa Belluno, mwaka 1915. Alitekwa Ethiopia 1941 akaletwa Kenya na mateka wenzake wa Kiitaliano, na baada ya vita akaendelea na uashi huku huku. Baba alizaliwa 1951. Babu na bibi waliishi nyumba moja mpaka babu alipofariki 1984, ila ndoa hawakufunga, si ya kanisani wala ya serikali.

Cheti cha ubatizo cha baba kina jina la bibi peke yake. Kuzaliwa kwake kuliandikishwa 1970, akiwa na miaka 19. Juzi nimepata nakala ya fomu yenyewe ya usajili. Kwenye nafasi ya baba mzazi karani ameandika "John". Chini, penye mtoa taarifa, babu ametia sahihi kwa mwandiko wa kulala: Giovanni, herufi zote, kalamu imekandamizwa hadi karatasi imeingia ndani. Nililia.

Sasa jamaa mmoja ananiambia sheria ya 2025 imefunga mlango, tena kwamba mtoto aliyetambuliwa na babake akiwa mtu mzima hahesabiwi. Ni kweli? Na mwanangu wa miaka 12 je?

Mama Chiara
Dada yangu, soma polepole, maana jamaa yako amechanganya mambo mawili.

Amri ya tarehe 28 Machi 2025, iliyogeuzwa kuwa Sheria Na. 74 mwezi Mei, iliwafungia wale wa babu wa babu. Zamani ungeweza kupanda ukoo hadi 1861, Italia ilipoungana. Siku hizi, kwa aliyezaliwa nje na mwenye uraia mwingine, anatazamwa mzazi, babu au bibi, na huyo awe na uraia wa Italia peke yake, au awe alikufa akiwa nao peke yake. Kwa hiyo swali la kwanza si damu. Je, babu aliwahi kuchukua uraia wa Uingereza au wa Kenya kabla ya 1984? Kama hakuchukua, tafuta barua ya idara ya uhamiaji inayosema hivyo.

La pili ndilo lililonifanya nikuandikie usiku huu. Ni kweli, kwa mtoto wa nje ya ndoa, kutambuliwa na baba kunatakiwa kufanyike mtoto akiwa bado hajafikia utu uzima. Lakini Italia iliuteremsha umri huo kutoka miaka 21 hadi 18 mwaka 1975! Mwaka 1970, kwa sheria ya Italia, kijana wa miaka 19 alikuwa bado mtoto. Sahihi ya babu iliwahi. Kwa hiyo usipeleke cheti kifupi cha kompyuta, kwa sababu hakionyeshi nani alitoa taarifa. Peleka nakala kamili ya fomu hiyo, ihalalishwe, itafsiriwe Kiitaliano.

Hilo la "John" lirekebishwe kwa msajili liwe Giovanni kabla hujapanga foleni ubalozini. Ada ya ombi ni euro 600 kwa kila mtu mzima tangu Januari 2025, na ukikataliwa hairudi.

Feltre waandikie ofisi ya stato civile, yaani ya usajili wa vizazi na vifo, uombe "copia integrale", nakala kamili, ya kuzaliwa kwa babu. Pembeni mwa ukurasa huwa wanaandika ndoa na kifo. Mimi ya babu yangu ilinieleza mengi kuliko wajomba wote.

Fundi Saidi
Na mimi niulize hapo hapo. Kwangu Mwitaliano ni bibi, alimzaa mama 1946. Niliambiwa wanawake hawakuwa wakirithisha.

Mama Chiara
Ndugu Saidi, kwa aliyezaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 1948, ilipoanza katiba yao, ubalozi hautalipokea ombi. Hiyo ni kesi ya mahakamani Italia, kwenye mahakama inayohudumia mji alikozaliwa bibi. Wakili lazima. Na sharti la uraia mmoja linakuhusu vilevile.

Dada, nilisahau mtoto. Uraia wako hautamshukia moja kwa moja, kwa sababu wewe una wa Kenya pia. Ukishatambuliwa kuwa raia, wewe na babake mnatoa tamko, kisha aishi Italia kihalali miaka miwili mfululizo, na tamko litolewe angali mdogo. Ana miaka 12, usilaze damu.

Mjukuu wa Feltre
Mama Chiara, Mungu akuzidishie. Nimempigia baba simu asubuhi hii. Anasema babu alikuwa akifanya upya kitambulisho cha mgeni kila kilipoisha, na cha mwisho kiko ndani ya bati la biskuti kwa shangazi. Naenda kukichukua Jumamosi. Baba hakujua kuhusu sahihi ile. Aliniomba nimsomee tena jina lilivyoandikwa.