Tumbawe la ubongo limepauka na nyama inarudi nyuma, nianzie wapi?

Chumvi_Tupu:
Wakuu, naombeni msaada. Tumbawe la ubongo, Trachyphyllia, liko juu ya mwamba katikati ya tangi la samaki wa baharini la lita 200. Limepauka karibu kuwa jeupe, halivimbi tena mchana, mdomo uko wazi muda wote, na upande mmoja mfupa umeanza kuonekana, kama sentimita 1. Taa ya LED ni mpya, ina wiki 3, nimeiweka asilimia 60. Vipimo vya leo: joto 25.5, chumvi 1.026 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu) kwa kipimo cha mshale, alkali dKH 11.2 (dKH ni kizio cha alkali), kalisi 430, magnesi 1300, naitreti 0, fosfeti 0. Punje za kuondoa fosfeti ninazo kwenye chujio. Hakuna ute wa kahawia wala harufu. Nilichovye kwenye iodini?

MwambaHai:
Usilichovye. Iodini inafaa pale penye ute wa kahawia unaoozesha nyama. Hapa utalichosha bure.

Tumbawe lililopauka lakini bado lina nyama halijafa. Limepoteza mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake, na mwani huo ndio unaogeuza mwanga kuwa chakula chake. Kinachonitisha kwenye vipimo vyako ni hizo sifuri mbili. Mwani huo nao unahitaji naitrojeni na fosforasi. Wewe umeongeza mwanga na alkali iko juu, halafu maji hayana lishe.

Toa punje leo hii. Walishe samaki zaidi kidogo kila siku, lenga naitreti 5 hadi 10 na fosfeti 0.03 hadi 0.1, zote miligramu kwa lita. Naitreti ikigoma, tumia sodiamu naitreti: ukiondoa nafasi ya miamba una kama lita 170 za maji, kwa hiyo gramu 0.23 zitapandisha takriban miligramu 1 kwa lita. Pima kila siku kabla ya kuongeza tena. Alkali iache ishuke yenyewe hadi 8 au 9, isishuke zaidi ya dKH 1 kwa siku. Na chumvi unayochanganyia maji mapya uipime alkali yake pia, maana nyingine hufika 11 zikiwa bado kwenye ndoo.

Mkondo:
Naongeza mawili. Kipimo cha mshale hudanganya: vipovu vya hewa vikinasa kwenye mshale, kinasoma juu kuliko ukweli. Tafuta refraktometa, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda, na uisawazishe kwa maji ya kipimo yenye chumvi 35 kwa elfu, usitumie maji matupu.

La pili, litoe juu ya mwamba. Trachyphyllia ni wa mchangani; likivimba mwambani nyama inakwaruzwa na kuchanika. Liweke mchangani penye kivuli, mkondo uitikise nyama bila kuilaza juu ya mfupa. Taa ishushe hadi asilimia 30, kisha panda asilimia 5 kwa wiki, na usipande kabla rangi haijaanza kurudi.

Chumvi_Tupu:
Asante sana wakuu. Refraktometa imesoma 1.023. Nimelishusha mchangani na taa ni 30. Nibadilishe maji mengi ili chumvi ipande haraka? Na kulilisha je?

Mkondo:
Hapana, usikimbize. Maji yanayopungua kwa mvuke yajazie kwa maji ya chumvi badala ya maji matamu, isipande zaidi ya 0.001 kwa siku. Ikifika 1.026 rudi kwenye maji matamu siku hiyohiyo, wengi husahau hapo.

MwambaHai:
Kulisha ndiko kutakakoliokoa kwa sasa, kwa kuwa mwanga haulilishi. Subiri taa zizimwe, kama saa moja hivi, mpaka vinyweleo vya kunasia chakula vitokeze. Visipotokeza, dondosha matone machache ya maji ya uduvi karibu nalo na usubiri. Zima pampu, weka vipande 2 au 3 vya uduvi wa mysis vilivyoyeyuka barafu, vidogo kuliko mdomo. Lifunike kwa nusu ya juu ya chupa ya plastiki iliyokatwa, kofia ikiwa wazi, la sivyo kaa na kamba watachomoa chakula mdomoni na kuipasua nyama. Dakika 20, kisha washa pampu.

Mara 2 kwa wiki inatosha. Likikitema asubuhi, ulizidisha. Kifyonze kabla hakijaoza na upunguze.

Mfupa ulio wazi usugue taratibu kwa mswaki laini mwani ukiota, bila kugusa ukingo wa nyama. Dalili ya kwanza nzuri ni mdomo kufunga, halafu ukahawia hafifu. Nyama kufunika mfupa tena huchukua miezi.