Kisiwa cha Man: wadepite 24 wanafanya kazi namna gani?

MwalimuKatuba

Jambo yenu wote. Nafundisha civisme, somo la uraia, kwenye sekondari moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Wiki jana nilikuwa naeleza Bunge letu la Kongo, wadepite (wabunge) 500 na Seneti pembeni yao, ndipo mtoto mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Kaka yake ni manseba, dereva wa pikipiki ya abiria, kwa hiyo pikipiki kwake ni dini. "Mwalimu, na kile kisiwa cha TT, yale mashindano ya pikipiki, ni kweli nacho kina bunge la vyumba viwili?" Nikacheka. Jioni nikatafuta, nikakuta kicheko changu kilikuwa cha bure. Watu 84,000 hivi, na baraza la chini la watu 24 linaloitwa House of Keys, yaani Nyumba ya Funguo.

Jumatatu nitasimama tena mbele ya watoto wale. Hao 24 wanachaguliwaje, wanafanya nini, na je, kisiwa hicho si cha Uingereza? Msininakilie maandishi ya mtandaoni, hayo nimeshayasoma na hayajaingia kichwani.

KitokoWaKenya

Piga hesabu, mwalimu: depite mmoja kwa watu 3,500. Sisi tumepita milioni 100, gawanya kwa 500, mmoja kwa watu 200,000 na zaidi. Ndiyo maana wa kwangu sijamtia machoni tangu uchaguzi wa Desemba 2023. (Nazungumzia Kenya, commune yetu ya Lubumbashi, wageni msije mkadhani niko Nairobi.)

YayaBelAir

Mwalimu, ngoja niketi vizuri. Nilikaa pale miaka minne, nikitunza wazee katika nyumba moja ya Douglas, mji mkuu wao.

Kwanza, ukisema mbele yao kwamba wao ni Uingereza, chai yako itapoa mezani. Kisiwa ni cha Taji, yaani cha mfalme wa Uingereza, lakini si sehemu ya Uingereza. Jeshi na mambo ya nje vinashikwa na London, lakini kodi, hospitali, shule na barabara ni vyao. Mwambie huyo ndugu wa manseba hivi: mwaka 1904 watu wa magari walitafuta pa kushindania, na sheria ya Uingereza ilikuwa hairuhusu mbio kwenye barabara za umma. Bunge la kisiwa likapitisha sheria yake ya kufunga barabara. TT ya pikipiki ikafuata 1907. Bila bunge lile, hiyo video aliyoiona kwenye simu isingekuwepo.

Uchaguzi ni kila miaka mitano. Nilikuwepo Septemba 2021. Jioni moja mlango ukagongwa, nikafungua na kandambili miguuni, nywele nimesuka upande mmoja tu. Mzee mmoja na karatasi mkononi. Ni mgombea! Peke yake, bila muziki, bila vitenge vyenye picha ya uso wake, bila vijana wa kuimba. Akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia basi la Jumapili asubuhi, maana zamu yangu ilianza kabla ya basi la kwanza. Akaandika kwenye daftari. Hakuwa na chama, na karibu wote hawana, kila mtu anajisimamia. Majimbo ni 12, kila moja linatoa watu wawili, kwa hiyo mpiga kura anaweza kuchagua majina mawili. Na umri wa kupiga kura ni miaka 16. Binti wa jirani yangu alikwenda kupiga akiwa na sare ya shule.

Kuhusu jina: kwa lugha yao ya kale wanasema *Kiare as Feed*, "wale ishirini na wanne". Hizo funguo wenyewe wanabishana zilitoka wapi.

Wanakaa Jumanne. Nilipanda siku moja kutazama, kwenye jengo jeupe ambalo watu wanaliita keki ya harusi. Kuingia ni bure. Nilitegemea kelele, nikakuta watu wanasoma muswada kifungu kwa kifungu kama wanaochambua mchele. Ukipita pale unakwenda baraza la juu, watu 11. Halafu kuna siku mabaraza yote mawili yanaketi pamoja, hapo ndipo panaitwa Tynwald, ila kura zinahesabiwa mbalimbali.

Sasa shika hili, maana vitabu vinalipita haraka: wale 24 ndio kila kitu. Watu 8 kati ya 11 wa baraza la juu wanachaguliwa na hao 24. Waziri mkuu wao pia, tangu 2021, anachaguliwa na hao hao. Mawaziri wengi wanatoka humo humo. Kwetu depite akiitwa serikalini, suppléant, yaani mbadala wake, anakalia kiti. Kule hakuna suppléant, waziri anabaki depite wa mtaa wake, na wengi wa waliosalia wanapewa kazi ndogo ndani ya wizara. Basi nani anabaki kuuliza maswali magumu? Wana kamati za kuchunguza hesabu, sawa, lakini mzee mmoja niliyemhudumia alikuwa akisema nusu ya bunge inaikagua nusu nyingine huku wote wanakula meza moja. Mimi naona alikuwa na haki.

MwalimuKatuba

Yaya, aksanti sana. Yaani baraza la juu ni kama maseneta wetu, wanaochaguliwa na wadepite wa provensi? Na bahasha za kununua kura je?

YayaBelAir

Wanafanana, ndiyo. Bahasha sikuzisikia. Lakini wasikudanganye kwamba walizaliwa safi. Kabla ya 1867 wale 24 hawakuchaguliwa na raia kabisa. Mmoja akifa, waliobaki walimpelekea gavana majina mawili, naye akachagua moja. Mwaka 1864 mwandishi wa gazeti, James Brown, aliwachapa kwa kalamu, wakamwita mbele yao, wakamhukumu wenyewe, wakamfunga. Mahakama ya Uingereza ikamtoa na wakalipa fidia. Miaka mitatu baadaye raia wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Wanawake wenye mali, wajane na wasioolewa, walipata kura 1881. Hilo wazee wangu wa kike walinikumbusha kila wiki.

Na tarehe 5 Julai bunge zima linatoka nje, linakwenda St John's kwenye kilima cha ngazi nne. Vichwa vya sheria mpya vinasomwa kwa lugha mbili, na raia yeyote mwenye lalamiko anaweza kulileta mwenyewe, limeandikwa, chini ya kilima. Nilimwona mwanamume mmoja na karatasi yake kwenye mfuko wa nailoni, maana mvua ya kule haiombi ruhusa.

KitokoWaKenya

Na basi la Jumapili?

YayaBelAir

Mpaka naondoka nilikuwa natembea kwa miguu. Mwalimu, mtoto akiuliza nani alishinda TT usinitafute. Wiki zile barabara zimefungwa, na mimi nilikuwa zamu ya usiku, mchana nalala.