Tupeane uzoefu: skrubu iliyokutesa kwa sababu ya biti

Kitasa: Wakuu, nimetoka kufungua bawaba za kabati. Fundi aliyepita kazila vichwa karibu zote. Skrubu ni PZ2 (msalaba wa Pozidriv, namba 2), yeye kazipiga na biti, ile ncha ya drili au bisibisi, ya PH2 (msalaba wa Phillips, namba 2). Nanyi yamewakuta yapi?

Randa: Watu wakiona nyota wanadhani ni nyota tu. PZ ina mistari minne myembamba kati ya mikono ya msalaba, PH haina. Biti ya PH ndani ya PZ inacheza.

Nati: Mbona natumia PH2 kila mahali na kazi inakwenda?

Randa: Inakwenda siku ya kufunga, mkuu. Njoo siku ya kufungua.

MamaPacha: Mmenikumbusha mbali. Mwanangu alijifungia chooni, kitasa kikagoma. Skrubu zilikuwa upande wetu, ila aliyepaka mlango alizipaka nazo, rangi imejaa hadi juu. Biti inateleza tu, mtoto analia, baba yake anasema tuvunje. Jirani akaninyang'anya drili. Akakwangua rangi kwa ncha ya msumari, mkono mmoja mmoja wa msalaba, mpaka chuma kikaonekana. Akaweka bisibisi ya mkono, akaigonga nyundo kidogo izame, akailalia kwa uzito wote ndipo akazungusha. Zikatoka zote.

Bawaba: Jamani! Mtoto alitoka salama?

MamaPacha: Salama, anadai maji.

Nati: Mngevunja tu.

Kitasa: Uvunje na mtoto yuko nyuma ya mlango? Hapana.

Spoki: Wa pikipiki za Japani, kichwa chenye kinukta kidogo ni JIS, msalaba wa kiwango cha Kijapani. PH haizami mpaka chini, ndiyo maana skrubu za kabureta zinaliwa. Ikishalika, weka kipande cha mpira kati ya biti na kichwa.

Randa: Mpira ni kwa iliyolika kidogo. Yenye kutu iwekee mafuta ya kupenya, ilale nayo, asubuhi uigonge.

Bawaba: Hamieni Torx, ile yenye tundu la nyota ya ncha sita, haitelezi hovyo.

Spoki: Kwa skrubu mpya sawa. Zilizokwisha fungwa nani atazibadili?

Nati: Nimechungulia bawaba zangu, mistari ipo kweli. Biti ya PZ naijuaje, maandishi yamefutika?

Randa: Angalia ncha. Ya PZ ina vimbavu vidogo kati ya mabawa manne, na mabawa yenyewe kuta zake zimenyooka. Ya PH yanakonda kuelekea mbele. Iliyokwisha mviringika ncha itupe, usiirudishe kwenye boksi.