Shampeni yenye mwaka, isiyo na mwaka, au crémant: nimchukulie mzee ipi?

MpishiLille
Wakuu, habari za jioni. Nipo Lille, kaskazini mwa Ufaransa, riziki yangu ipo jikoni. Mpishi mkuu wetu anastaafu mwezi ujao na nimepania kumpa chupa ya maana. Bajeti ni yuro 100. Dukani nimeonyeshwa njia tatu: shampeni ya jina kubwa isiyo na mwaka kwenye lebo, shampeni yenye mwaka (kuna 2008 inayozidi bajeti kidogo, 2012 na 2015), au crémant ya Alsace (mvinyo wa mapovu wa eneo jingine la Ufaransa), ambayo kwa pesa hiyo napata chupa tano hata sita. Mzee ni Mfaransa, anaujua mvinyo tangu ujana, humdanganyi. Mnanishauri nini?

Sharifa_BXL
Crémant, bila kufikiria mara mbili. Njia ni ileile: mvinyo unatiwa chupani na sukari kidogo na hamira, unachachuka mara ya pili humohumo, gesi inakosa pa kutokea. Crémant inalala juu ya mashapo yake, yaani masalia ya hamira, angalau miezi 9, shampeni ya kawaida inakaa chupani angalau miezi 15. Hiyo miezi michache ndiyo ya kulipia mara tatu?

Mzee wa Chupa
Dada Sharifa, kwa harusi ya watu mia niko upande wako. Hii ni zawadi ya mtu mmoja. Nauza mvinyo hapa Paris mwaka wa 14 sasa, wacha nieleze kitu ambacho wateja wengi hawaambiwi.

Shampeni isiyo na mwaka ni mchanganyiko. Mkuu wa pishi, yaani la ghala la mvinyo, anachukua mvinyo wa mavuno ya karibuni, anaongeza akiba ya miaka ya nyuma, mpaka ladha ifanane na ya mwaka jana na mwaka juzi. Ni ufundi mkubwa, na lengo lake ni kuufuta mwaka. Yenye mwaka ni kinyume chake: zabibu zote, asilimia 100, zimetoka kwenye mavuno ya mwaka ulioandikwa, na haiuzwi kabla ya miaka 3. Nyumba nzuri, yaani kampuni za shampeni, huiacha zaidi, sita, saba, minane. Hamira ikishamaliza kazi inakufa, na huko kufa kwake taratibu ndiko kunakoleta ladha ya mkate na njugu. Haiharakishwi.

Mwaka ukiwa mbaya, nyumba inaweza kuacha kabisa. Salon, nyumba ya kijiji cha Le Mesnil-sur-Oger, karne nzima ya 20 ilitoa mvinyo wa miaka 37 tu.

Mgogo_Mkulima
Salaam kutoka Dodoma. Huku zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, jua halitunyimi. Kwa nini mwaka uwe jambo kubwa hivyo kwao?

Mzee wa Chupa
Mkuu, Champagne, eneo shampeni inakotoka, ipo karibu digrii 49 kaskazini, zabibu inaiva kwa shida na wanavuna mara moja. Mwaka 2003 baridi ya Aprili iliunguza machipukizi, kisha likaja joto kali na wakavuna mwezi wa Agosti. Mwaka 2008 kiangazi kilikuwa cha mawingu, Septemba ikaokoa. Mvinyo wake una ukali wa limau na utaishi miaka mingi. Mwaka 2012 walipigwa na baridi, mvua ya mawe na magonjwa ya majani, mavuno yakapungua, lakini zabibu zilizobaki Agosti iliziivisha vizuri sana. Mwaka 2015 ulikuwa wa joto na ukame, mvinyo wake ni mnene zaidi.

Kisiki
Chukua Dom Pérignon ndugu yangu, kama bajeti itanyooka. Ni yule mtawa aliyeigundua shampeni.

DadaEpernay
Kaka Kisiki, hapo nikurekebishe kwa upendo. Mtawa Pérignon alitunza pishi la abasia ya Hautvillers kuanzia 1668 hadi alipofariki 1715, na mapovu kwake yalikuwa kasoro. Chupa zilikuwa zinapasuka pishini. Sifa yake ya kweli ni kujua kuchanganya zabibu za mashamba tofauti. Mvinyo unaobeba jina lake ulianza na mavuno ya 1921, na hutoka na mwaka tu.

Mimi nimechuma zabibu misimu mitatu kusini mwa Épernay, mji wa hukohuko Champagne, kisha nikafanya kazi pishini. Kuchuma ni kwa mkono, mashine hairuhusiwi. Siku ya pili mgongo haunyooki na vidole vinanata sukari. Chini, kwenye mapango ya chokaa, kulikuwa na fundi mmoja mzee anayezungusha chupa kwenye mbao zenye matundu, mkono huu chupa, mkono ule chupa, kila siku kidogo, shingo ikielekea chini mpaka mashapo yote yateremke kwenye kizibo. Mlio wake ulikuwa kama mvua ya kwanza kwenye bati. Mbao hizo zinahusishwa na pishi la mjane Clicquot, aliyeongoza nyumba ya shampeni, mwaka 1816. Siku hizi kazi nyingi inafanywa na mashine, ila chupa za heshima baadhi bado ni mkono. Mwisho shingo inagandishwa, kizibo kinafunguliwa, na presha, karibu mara tatu ya tairi la gari, inarusha nje kipande cha barafu chenye mashapo.

Mpishi, geuza chupa usome nyuma. Nyumba nyingi zinaandika tarehe ya kutoa mashapo. Hesabu miaka kutoka mavuno hadi hapo.

Kisiki
Nimeelewa dada, asante. Niongeze la kwangu: niliwahi kununua yenye mwaka iliyosimama dirishani chini ya taa, chupa nyeupe. Ilinuka kabichi iliyochemshwa. Omba iliyolala stoo gizani.

Sharifa_BXL
Sawa, nimelegeza. Ila MpishiLille hujatuambia: wewe na huyo mzee mlijuana lini?

MpishiLille
2012. Nilikuwa sijui hata kuomba kisu kwa Kifaransa. Alinipa aproni yake.

Mzee wa Chupa
Basi funga mjadala, chukua 2012. Ipoe nyuzi 10 hadi 12, isiwe baridi ya kuua harufu.

MpishiLille
Wakuu, mrejesho. Nilichukua 2012, mashapo yametolewa 2020. Mzee aliipokea, akapitisha kidole kwenye mwaka, akanitazama, hakusema kitu. Kijana wa mezani alileta zile glasi nyembamba ndefu, mzee akazirudisha na kuomba za mvinyo mweupe. Akaifungua bila kishindo, kizibo kikatoka kama pumzi. Tulikuwa kumi na mmoja, akagawa yeye mwenyewe, akaanza na mama anayeosha vyombo. Mimi nilipata vidole viwili tu. Mkate uliookwa, siagi, na nyuma yake kitu kama ganda la limau ambacho kilikaa ulimini mpaka nimefika kwenye metro.