Ukibakiziwa mtandao mmoja tu kwenye simu, unabaki na upi?

Mama Vitenge Kkoo: Wadau, juzi mwanangu alinifutia programu zote isipokuwa WhatsApp, simu ilijaa. Nimeshinda dukani siku mbili na sijaona pengo. Asubuhi napiga picha mzigo, naweka status, ikifika saa sita watu wa Mbagala na Tegeta wameshalipia, boda anapeleka. Instagram naona ni ya kupendeza tu, na X ni ya wasio na kazi. Nyie mngebaki na upi?

Fundi wa Sinza: Dada, hapo kwenye "wasio na kazi" umenigusa pabaya. Mimi ni fundi umeme, saa kumi na moja alfajiri niko kituoni nasubiri daladala. Lile ghorofa la Kariakoo lilipoanguka Novemba 2024, nilijulia X, redio ilinikuta nishajua. X ilipofungwa nchini Mei 2025 nilihangaika na VPN ili niipate. Asiye na kazi ndiye anahangaika hivyo?

Mama Vitenge Kkoo: Samahani kaka, sikukulenga wewe. Ila siku ile sisi tulikuwa palepale. Hatukuhitaji mtandao kujua, tulisikia kishindo.

Fundi wa Sinza: Nyie mlikuwepo. Mimi nina ndugu anauza mtaa wa pili, siku ile simu yake ilikuwa haipatikani. Tuelewane.

Mtu wa Temeke: Mnagombana bure, WhatsApp na Instagram nyumba moja. Facebook waliinunua WhatsApp 2012 kwa dola bilioni moja. Ukifuta moja hujamkimbia mtu.

Keki Mwenge: Hiyo ya 2012 na bilioni moja ni Instagram. WhatsApp ni 2014, dola bilioni 19. Na mimi sifuti Instagram hata kwa dawa. Status anaiona mwenye namba yangu na mimi nina yake, basi. Mgeni anayetafuta keki ya kipaimara ya Jumamosi atanijuaje? Mama Vitenge ana duka, watu wanapita mlangoni. Mimi naokea jikoni kwangu, mlango wangu ndio huo.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Nyie wa Instagram nijibuni kwanza: kwa nini bei "njoo DM"? Picha kumi, maua, muziki, bei hakuna! Nilimfuata mmoja DM kwa ajili ya viatu, akaniambia tuma hela, tuma na ya kutolea. Nikatuma. Sijaona viatu, na akaunti yake siioni tena.

Keki Mwenge: Pole sana mdogo wangu, huyo ni mwizi. Usituweke kapu moja. Mimi nikiandika bei, mwenzangu wa mtaa wa pili anashusha elfu mbili kesho yake.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Si hivyo. Mnaangalia kwanza picha za mteja. Akiwa amesimama kwenye gari, bei inapanda.

Keki Mwenge: Unanijua? Umewahi kula keki yangu? Kilo moja elfu thelathini na tano, kwa mwenye gari na kwa anayekuja kwa miguu. Hata mama mwenye nyumba wangu analipa hiyohiyo.

Mtu wa Temeke: Kwenye hili namuunga mkono bibi harusi. Na sisi wanaume tunaulizwa kwanza tunaishi wapi. Ukisema Masaki, umekwisha.

Fundi wa Sinza: Mafundi tunafanyiwa kinyume. Mteja anataka bei kabla sijaiona nyumba. Bei ya kitu usichokiona unaitajaje?

Bibi Harusi Mtarajiwa: Keki unaiona, unaioka mwenyewe. Kama ni elfu thelathini na tano kwa wote, iandike.

Keki Mwenge: Nimeshaandika, sasa hivi, picha zote za juu. Nenda kaangalie.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Nimeona. Nataka ya kilo tano. Na ya kutolea ni juu yangu au juu yako?