Bluzi za matusi: nianze na nani?

Mkomani: Nyimbo za vugo, ngoma ya wanawake harusini, hapa Lamu zina mafumbo ya chumbani. Je, bluzi (blues), zile nyimbo za kale za Wamarekani weusi, nazo zinayo? Nimepata santuri moja, inakwaruza tu.

Langoni: Tele! Bo Carter, 1931, aliimba ndizi na kikapu cha matunda. Fumbo jepesi hilo. Lucille Bogan yeye hafumbi. Mwaka 1935, New York, Walter Roland akipiga piano, alirekodi "Shave 'Em Dry" mara mbili. Ile chafu haikuuzwa wakati huo. Usiicheze wazee wakiwepo.

Shela: Kukwaruza huko huenda ni sindano. Ile ya santuri za mizunguko 33 kwa dakika ni nyembamba, inaburura chini ya mfereji. Kwa santuri za kale za mizunguko 78 tafuta ya mikroni (sehemu za elfu za milimita) 76 hivi. Ukungu ukiwepo, uoshe kwa maji na sabuni kidogo, lebo isilowe. Spiriti usiguse, inayeyusha shelaki iliyotengenezea santuri hizo.