Tupeane uzoefu: neno "commence" lilikukuta wapi?

Wakuu, naandika nikiwa Moshi. Mwaka juzi nilipata kazi ya mapokezi hotelini. Niliingia tarehe 3 Juni, mwezi mzima nafundishwa huku nabeba funguo na kupokea wageni kama wengine. Mwisho wa mwezi, mshahara hakuna. Nikaonyeshwa mkataba niliosaini kwa mkono wangu: "employment shall commence on 1 July", yaani kazi itaanza tarehe 1 Julai. Nilipousoma niliona ni Kiingereza cha kupamba karatasi tu. Iliniuma sana. Uwe mkataba wa kazi, wa pango au wa bima, angalieni tarehe inayolifuata neno hilo kabla ya kusaini. Nyie lilikukuteni wapi?

Mdau wa Marangu:
Mimi ni mwongoza watalii. Pale Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele cha Kilimanjaro, nilizoea kuwaambia wageni, "We commence at midnight." Mama mmoja wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, akanieleza kwa upole kuwa si kosa, ila ni neno la hafla na barua. Mlimani sema "start". Na ukilitumia, ni vizuri lifuatwe na "-ing": "commence climbing".

Mdau wa Usa River:
Mpwa wangu alituma mwaliko wa "commencement" kutoka chuoni Marekani. Babu akauliza: miaka minne yote, ndiyo kwanza anaanza? Kumbe ni mahafali.

Mdau wa Arusha:
Nilikuwa karani Mahakama ya Rwanda, ile ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya kimbari, pale AICC, kituo cha mikutano cha Arusha, hadi ilipofungwa 2015. Kazi ilikwenda kwa Kiingereza na Kifaransa. Wenzetu wa Kifaransa walisema "commence" hadi kwenye chai, kwa sababu kwao "commencer" ni neno la kila siku. Waingereza walilipata kwao, baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Wakubwa na mahakama wakashika Kifaransa, raia wakabaki na "begin" yao ya asili. Ndiyo maana "commence" bado lina harufu ya mahakama. Ukirudi nyuma zaidi unakuta Kilatini: "initium", mwanzo, kutoka kitenzi cha kuingia. Hapo ndipo nililipenda. Si nasi tunasema mwezi umeingia?

Mleta mada:
Mkuu wa Arusha, umenigusa. Mimi niliingia tarehe 3 Juni. Karatasi ndiyo iliyoingia Julai.